Sikumgusa Hata kwa Kidole

Mwaka ule nilikuwa na sentensi moja ya maneno manne, na niliirudia hadi kinywa changu kikaizoea: sikumgusa hata kwa kidole. Niliisema mbele ya askari aliyekuwa akiandika maelezo yangu, nikaisema nyumbani kwa mke wangu, nikaisema kwa baba mdogo aliyesafiri kutoka Same kuja kujua kilichompata mwanawe, na nikaisema tena kwa wazee waliokaa barazani kutafuta namna ya kuyamaliza. Kila nilipoisema ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeweza kunikosoa.

Mambo yenyewe yalitokea Jumamosi moja, saa tisa alasiri, katika gereji bubu ya Tabata, jijini Dar es Salaam. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ni fundi pale. Alikuwa ameshusha gia boksi ya gari langu ili abadilishe klachi, akaniahidi kwamba Alhamisi ningelichukua. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, na siku hiyo nililikuta bado limepandishwa juu ya matofali, miguu ya mdogo wangu ikionekana chini ya bampa, kandambili moja imemvuka. Pembeni, juu ya viti vya gari vilivyong'olewa ambavyo pale ndivyo makochi ya wateja, walikaa wanaume sita au saba: fundi rangi, fundi umeme, wateja wawili waliokuwa wakisubiri kama mimi, muuza kahawa na birika lake, na saidia fundi wa mdogo wangu, kijana wa miaka 19 hivi. Nikamwita. Akajivuta kutoka chini ya gari, akafuta mikono kwa tambara, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Kaka, nivumilie hadi jioni, spea waliyoniletea siyo yenyewe."

Kuchelewa kwake kulikuwa kweli, hasara yangu ilikuwa kweli, na mtu anayedai haki yake hatendi dhambi. Lakini nilipaza sauti, na hilo la kupaza sauti ndilo linalonisuta zaidi hadi leo, kwa sababu yeye alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Sauti ile ilikuwa ya kuwafikia walioketi. Nikasema, "Ndiyo maana kodi ya nyumba analipa mkeo. Wewe ni mwanaume suruali tu."

Wakacheka. Wanaume wakiwa pamoja hucheka namna hiyo hata kama hawajafurahi, kila mmoja akishukuru kimoyomoyo kwamba safari hii si yeye. Yule kijana alicheka kwa sauti kuliko wengine na akaendelea wenzake walipokwisha nyamaza, akipiga madigadi kwa kiganja. Mdogo wangu hakunitazama. Mkononi alikuwa na spana kubwa, akageuka nayo, ikatua begani kwa kijana. Kijana hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia pale kwenye kiwiko, kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na akabaki hivyo akitazama mchanga. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

Yaliyofuata kila Mtanzania anayajua: bodaboda hadi kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali, na mdogo wangu akabaki nyuma ya kaunta akiwa amevuliwa mkanda na viatu. Mimi nikaandikishwa kuwa shahidi. Askari aliniuliza kama kulikuwa na ugomvi wowote kabla ya tukio, nikajibu kwamba hapakuwa na ugomvi, tulikuwa tunataniana tu. Nikasomewa maelezo yangu, nikayatia saini, nikaenda nyumbani kuoga.

Nimeanza na hayo kwa sababu nimechoka kusikia jambo hili likizungumzwa kanisani kana kwamba linawahusu watu wengine. Tukihubiri kuhusu ukatili, tunamhubiria mpiga wake na mlevi. Tukihubiri kuhusu ulimi, tunafungua Waraka wa Yakobo sura ya tatu, na sijui ni lini ilipoamuliwa kwamba sura hiyo ni ya akina mama. Mhubiri akisoma kwamba ulimi ni moto, macho yake huenda upande wanakoketi wanawake, naye hutoa mifano ya umbea wa kisimani na wa vikoba. Wanaume tunatikisa vichwa kwa huruma. Lakini sura yenyewe inaanza kwa kuwaonya waalimu, wasiwe wengi, kwa kuwa watapata hukumu kubwa zaidi. Na katika makusanyiko ya wakati ule walioshika nafasi hizo kwa kawaida walikuwa wanaume. Umbea tumewaachia wengine, matusi ya kushusha hadhi ya mwanaume mwenzetu tukayapa majina mazuri: kuchangamka, kumpa mtu makavu, kumwambia ukweli wake.

Nami nililipa langu jina la utani. Hapo inanibidi nikae kidogo, kwa sababu utani kwetu ni jambo zito na nililitumia vibaya. Mimi ni Mpare, na watani wetu ni Wachaga. Mchaga anaweza kuniita bahili mbele ya wakwe zangu nami sina ruhusa ya kukasirika, kama naye asivyo na ruhusa nikimwita mwizi. Wangoni na Wahehe, ambao katika karne ya 19 walipigana vita vilivyomwaga damu nyingi, leo ni watani. Nimemwona mtani msibani akiingia ndani ya kaburi lililokwisha chimbwa na kujilaza humo, akiapa kwamba marehemu hazikwi mpaka yeye apewe chochote, na waliokuwa wakilia wakacheka machozi yangali mashavuni. Utani wa namna hiyo una masharti. Pande zote mbili zina haki sawa ya kusema, wote wanajua nani ni mtani wa nani, na siku mmoja akipatwa na shida mtani ndiye wa kwanza kufika na ndiye mwenye kazi za msiba. Ni matusi yaliyofungwa lijamu na watu waliowahi kuonja mikuki.

Mimi na mdogo wangu hatuna utani. Angekuwa mtoto wa shangazi au wa mjomba, angekuwa binamu, na binamu wanataniana. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, damu ya tumbo moja la ukoo, na mimi ndiye mkubwa. Yeye hawezi kunirudishia neno la namna ile mbele ya watu bila kuonekana hana adabu. Nilimpiga mtu aliyefungwa mikono, kisha nikamwambia askari kwamba tulikuwa tunacheza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hata methali hiyo naiona inanipendelea, maana inadhani kwamba nilianza kwa mzaha.

Katika mafundisho ya kipaimara tulikariri amri ya tano, Usiue, pamoja na maelezo yake, na mwinjilisti wetu alikuwa mkali juu ya kila neno. Nilifaulu. Sikuwahi kuua, wala sidhani kwamba nitaua, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiipita amri hiyo kama mtu anayepita nyumba ambayo hana mdeni ndani yake. Yesu katika Mathayo 5 haniruhusu kupita. Anaitaja amri ya kale, kisha bila hata kuhamia amri nyingine anaingiza hasira, na baada ya hasira anaingiza maneno mawili ya mtaani. Moja ni Raka, neno la Kiaramu ambalo mwandishi wa Injili aliliacha kama lilivyo katikati ya Kigiriki chake, na maana yake ni mtu mtupu, kichwa kisicho na kitu. Biblia yetu ya Muungano inasema "na mtu akimfyolea ndugu yake, itampasa baraza", na nakiri kwamba ugumu wa neno hilo la kufyolea umetusaidia sana kujificha, kwa kuwa vijana wa gereji hawalijui na wala hawadhani kwamba linazungumzia "boya", "fala" na "mwanaume suruali".

Ninachokiona hapo ni kwamba Bwana hakusema matusi ni mabaya kwa sababu yanaweza kuleta mauaji. Hivyo ndivyo sisi tunavyofundisha: chunga ulimi, usije ukasababisha ugomvi. Kwa hesabu hiyo, tusi lisilozaa ugomvi halina hatia, na kama kijana yule asingecheka, nami ningekuwa sina kosa. Yesu analiweka tusi ndani ya amri ya kuua hata kabla mkono wowote haujainuliwa, na anaupandisha mzigo wake hatua kwa hatua, hukumu, baraza, jehanamu, ilhali hapo katikati hakuna aliyetokwa hata na tone la damu. Raka ni kumwambia mtu kwamba ndani yake hamna mtu. Nilipomwita mdogo wangu suruali, nilisema vivyo hivyo: hiyo ni nguo inayotembea, aliyevaa hayumo.

Mahakama zetu nazo zinajua nguvu ya neno, ingawa zinaliangalia kutoka upande mwingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 89 inaihesabu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa, kwa hiyo siku ile kituoni palikuwa na watuhumiwa wawili na mmoja wao akaandikishwa kuwa shahidi. Lakini vifungu vinavyonishughulisha zaidi ni cha 201 na cha 202. Aliyeua kwa hasira ya ghafla, baada ya kuchokozwa na kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, hatiwi hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia bali kwa kuua bila kukusudia; na uchokozi wenyewe unaweza kuwa tendo ovu au tusi, la kiasi cha kumfanya mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa apoteze uwezo wa kujitawala. Sheria inakiri hadharani kwamba liko neno linaloweza kumng'oa mtu wa kawaida kutoka kwenye akili yake. Anayelijua neno hilo kwa ndugu yake, akajua na mahali pa kulitia, anashika silaha ambayo haihitaji kibali.

Hapo najua kuna msomaji anayenitilia shaka, na ana haki. Kama neno ni kuua, je, ngumi si jibu la haki? Wako wanaume wanaowapiga wake zao na kusimama mbele ya wazee wa kanisa wakisema "alinichokoza kwa maneno", na mimi sitaki makala hii iwe mkongojo wao. Ile spana ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu, si mwangu, na mtulinga aliouvunja ulikuwa wa mtu asiyemtukana. Yohana 18 inasimulia jinsi askari mmoja alivyompiga Yesu kofi katika mahojiano, na sababu aliyoitoa ni maneno: "Wamjibu hivi Kuhani Mkuu?" Ni askari anayeamini kwamba jibu lisilo na adabu limempa ruhusa ya mkono wake. Yesu, ambaye amefundisha kugeuza shavu la pili, hapa hanyamazi. Anamwambia kwamba kama amesema vibaya, aushuhudie ule ubaya, na kama amesema vema, kwa nini anampiga? Analitenga neno na kofi, kila kimoja kijibiwe mahali pake. Neno baya lina ushahidi wake na hukumu yake, na kofi halimo katika hukumu hiyo.

Hadithi ya Biblia inayonifaa kuliko zote katika jambo hili ni ya Nabali, 1 Samweli 25, na imeharibiwa kwa kugeuzwa somo la semina za ndoa. Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, ni siku za kuwakata manyoya, kwa hiyo ni sikukuu. Daudi, ambaye bado ni mtoro anayezunguka nyikani na watu wake, anawatuma vijana kumi kumsalimu kwa amani na kumwomba chochote. Nabali angeweza kusema hana. Badala yake anawauliza vijana hao: "Daudi ni nani? Na huyo mwana wa Yese ni nani?" Kisha anaongeza kwamba siku hizi watumishi wanaowatoroka mabwana zao ni wengi. Mambo matatu kwa mkupuo mmoja: hujulikani, baba yako hajulikani, na wewe ni mtumwa aliyetoroka. Vijana wale kumi wakarudi na kumweleza Daudi maneno yote kama yalivyosemwa, jambo ambalo wapeleka habari wa kiume hulifanya kwa uaminifu wa kupita kiasi.

Jibu la Daudi halina hata sala. Jifungeni kila mtu upanga wake. Wanaume 400 wakajifunga, 200 wakabaki na vyombo, na njiani Daudi akaapa kwamba hadi asubuhi hatamsazia Nabali hata mwanamume mmoja katika nyumba yake. Kwa swali moja, wachungaji wote, watumwa wote, vijana wote waliokuwa wakikata manyoya na ambao hawakufungua kinywa, wafe. Spana ya mdogo wangu nayo haikuja kwangu. Mara nyingi aliyetukana yuko mbali kidogo, au ni mkubwa mno, au ni kaka. Kilicho karibu na kinachofikika ni kijana aliyecheka.

Nimewatafuta katika sura hiyo wale 400, nikitaka angalau mmoja aliyesema, "Bwana wangu, ngoja kwanza." Hayumo. Watu waliokuwa wamezuiwa na Daudi wasimwinukie Sauli pangoni, waliomwona akikataa kumwua mfalme aliyekuwa akimwinda, sasa wanaandamana kwenda kuchinja kwa sababu ya dharau, na hakuna anayeona ajabu. Aliyetia akili ni mtumishi mmoja aliyekimbia kumwambia Abigaili, na Abigaili aliyepakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha tengenezwa, zabibu kavu na tini, akapanda punda na kushuka kuwalaki. Naam, tumsifu Abigaili. Lakini ukimaliza kumsifu, angalia kwamba katika semina zetu somo huishia hapo, mwanamke aitulize hasira ya wanaume, na wanaume 400 wanarudi nyumbani bila kuulizwa neno. Maneno aliyomwambia Daudi ni makali kuliko tunavyoyasoma: kwamba siku atakapokuwa mfalme, damu iliyomwagwa bila sababu itakuwa kwazo moyoni mwake. Mithali inasema ulimi laini huvunja mfupa. Mfupa uliovunjika siku ile ulikuwa kiburi cha Daudi, naye akamhimidi Mungu kwa hilo.

Ningependa kusema kwamba Daudi alipona. Miaka mingi baadaye, akimkimbia Absalomu, mtu mmoja aitwaye Shimei alimfuata ubavuni mwa kilima akimlaani na kumtupia mawe na mavumbi, akimwita mtu wa damu. Abishai, mpwa wake, akaomba ruhusa avuke akamwondolee kichwa huyo mbwa mfu. Daudi akakataa. Mwacheni alaani, akasema, huenda Bwana akayatazama mateso yangu. Hiyo ni mojawapo ya saa zake kubwa kabisa, na waliporudi akamwapia Shimei kwamba hatakufa. Kisha fungua 1 Wafalme 2. Daudi yuko kitandani, baridi haimtoki, anampa Sulemani wosia, na katika wosia huo yumo Shimei: mimi nilimwapia, lakini wewe una hekima, utajua la kumtenda, mvi zake zishuke kuzimuni na damu. Maneno yale yalikuwa yamekaa ndani ya mfalme miaka yote hiyo, kupitia zaburi na sadaka na vita na misiba, yakiwa mazima kama siku yalipotupwa. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha vizuri hivyo mahali tusi linapokwenda baada ya watu kumaliza kucheka.

Na sisi Walutheri tunaye wetu. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther anaieleza amri ya tano vizuri kuliko mhubiri yeyote niliyemsikia: anasema inakataza kuua kwa mkono, kwa moyo, kwa kinywa, kwa ishara, na kwa kumsaidia au kumshauri mwingine. Miaka minne kabla ya kuyaandika hayo, 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi, alitoa kijitabu akiwahimiza watawala wawapige, wawaue na kuwadunga wakulima hao, kwa siri au kwa wazi, kama mtu anavyomuua mbwa mwenye kichaa. Na wakulima waliuawa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1543 akaandika juu ya Wayahudi, akitaka masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe, maneno ambayo karne nne baadaye Wanazi waliyachukua na kuyatumia. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maandishi hayo hadharani, likitaja machungu yaliyoletwa nayo. Naye Luther, kwa kadiri ninavyojua, hakumshika Myahudi yeyote wala mkulima yeyote. Hakuwagusa hata kwa kidole.

Petro alikuwa mtu wa upanga. Sikio la Malko, alilolikata siku Yesu alipokamatwa, linashuhudia. Katika waraka wake wa kwanza anapotaka kutuambia jinsi Yesu alivyokufa, katika mambo yote ambayo angeweza kuyataja, anataja hili: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano." Nadhani lilimshangaza kuliko misumari. Mwanaume anaweza kustahimili maumivu ya mwili akisifiwa. Kutukanwa mbele ya watu, na wewe unalo jibu, na jibu lenyewe ni zuri, ukalimeza, hilo Petro hakuwahi kuliona kwa mtu mwingine.

Kesi yetu haikufika mahakamani. Wazee wa pande mbili walikaa, familia ya kijana ikakubali kulipwa gharama za matibabu na za muda ambao asingeweza kufanya kazi, malalamiko yakaondolewa, na mdogo wangu akarudi gereji. Mimi nilichangia sehemu kubwa ya fedha hizo, na wazee wakanisifu kwa moyo wangu wa ukarimu. Maelezo yangu bado yamo katika lile jalada.

Jumapili chache baadaye somo lilikuwa lile lile la Mathayo 5, na safari hii aya za mbele kidogo: ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Kigiriki kinasema tu kwamba ana kitu juu yako. Aliyetafsiri kwa Kiswahili akaandika neno, na siku ile niliona kwamba amenikamata. Bahasha yangu ilikuwa katika mfuko wa shati, namba yangu imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Agizo liko wazi kuliko maagizo mengi ya Biblia: iache, nenda, patana kwanza, kisha urudi. Mstari wetu ulipofika zamu yake nikasimama, nikatembea hadi kwenye kapu, nikatumbukiza bahasha, nikarudi kuketi. Mtu aliyeketi karibu nami hangeweza kujua kwamba nimemwasi Mungu kwa kutoa sadaka.

Ilinichukua majuma sita mengine. Nilikuwa nimeamua kumpigia simu, nimepanga na maneno. Nikamwambia mke wangu, naye akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Baba watoto, ulimtukana kwa simu?"

Basi nikaenda Jumamosi, saa tisa, kwa daladala. Muuza kahawa alikuwepo, fundi rangi alikuwepo, wateja walikuwa wengine. Yule kijana alinisogezea kiti, na kola ya shati lake ilipofunguka niliona pale mfupa ulipoungana, umeacha kinundu kama kifundo cha kidole. Sikuketi. Nilimwita mdogo wangu, akatoka chini ya gari la mtu, nikasema kwa sauti ile ile ya siku ile, ili wafikiwe walioketi, kwamba nilimtukana mbele ya watu, kwamba nilimdanganya askari niliposema tunataniana, kwamba mfupa wa kijana huyu ulivunjwa na watu wawili, na kwamba ninaomba radhi kwa wote wawili. Nilikuwa nimeandaa zaidi ya hapo, lakini fundi rangi alianza kutafuta kitu kwenye boksi la spana ambacho nina hakika hakikupotea, na muuza kahawa akawa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Wanaume hatujui pa kuyaweka macho mambo kama hayo yakisemwa.

Kijana alisema, "Yamekwisha, mzee." Mdogo wangu alifuta mikono kwa tambara kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Nimesikia, kaka." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai.

Kisha akauliza gari liko wapi, kwa nini nimekuja kwa daladala. Nikamwambia linavuja oili, nimeliacha nyumbani. Akasema nilipeleke Jumatatu, Jumatano litakuwa tayari. Jumatano yake naijua. Maana yake ni Ijumaa jioni, Mungu akipenda. Nikamwambia, "Sawa, mdogo wangu, Jumatano."